Mshono Chini ya Gari la Harusi

Watu wa Kamembe tuna kosa letu moja ambalo sijaliona mahali pengine. Gari likirusha abiria hatulaumu barabara, kwa sababu barabara haisikii, wala hatulaumu gari, kwa sababu gari lina mwenyewe na mwenyewe ana hasira. Tunalaumu kiti. Ndiyo maana mimi Zulaikha, mshona viti vya magari, sijawahi kukosa kazi. Mtu ana gari bovu toka kichwani mpaka mkiani, anakuja kwangu na kusema: "Maman, ongeza sponji." Namwongezea sponji, anaondoka amekaa juu, kichwa kinagusa dari, na jioni ananisalimia kwa heshima.

Rukundo naye alifanya kosa hilohilo. Angelipeleka gari lake kwa fundi wa chini ya gari, kama watu wa miji mingine, leo ningekuwa mke wake.

Ilikuwa mwaka 2002, wiki ya harusi yetu. Ndoa ifungwe Ijumaa baada ya sala, kisha bibi harusi, yaani mimi mtu mzima na miwani yangu ya kushonea, nipakiwe ndani ya gari la spoti tuteremke mpaka Cyangugu kupiga picha kando ya ziwa. Gari lenyewe lilikuwa jekundu, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba kuingia ni sawa na kukaa mkekani. Rukundo alilitoa Bujumbura likiwa limeinama nyuma, akalitengenezesha Bukavu, akalivusha. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Lakini lilikuwa linaruka. Watoto wa mtaa walikuwa wameshalipa jina, Chura, na kila likipita waliruka nyuma yake wakiwa wamechuchumaa.

"Zulaikha," akaniambia asubuhi ile, akiegesha mbele ya karakana yangu, "sponji ya kiti ilikufa. Weka ile nguvu. Bibi arusi yangu hawezi kuruka-ruka mbele ya bantu."

"Na bwana harusi je, yeye aruke mbele ya watu?"

"Miye nimezoea," akasema, akacheka.

Nilimpenda akicheka hivyo. Nalisema mapema ili nisiulizwe baadaye.

Rukundo alikuwa rafiki wa mume wangu, Asumani Munyemana, na si rafiki wa salamu za njiani. Walikulia pamoja Bukavu, wakarudi Rwanda pamoja vita vya huku vilipokwisha, wakafanya biashara pamoja kwa jipu la Asumani. Walikuwa wakishuka Uvira, wanapanda na vitenge, sabuni, na ngozi bandia za viti vyangu. Agosti 1998, vita vya pili vilipoanza kule ng'ambo ya mpaka, vikawakuta njiani. Rukundo alirudi peke yake, kwa miguu, midomo imepasuka, akaanguka kwenye baraza langu. Alisema walikuta kizuizi. Wenye bunduki walimimina mafuta, jipu likaungua na Asumani akiwa ndani, na yeye akatorokea kwenye mashamba ya miwa. Aliapa hayo msikitini, mkono juu ya Msahafu. Kwa kiapo chake nikahesabiwa mjane. Nikavaa nyeupe, nikakaa eda yangu yote, hitima ikasomwa, watu wakala pilau wakaenda zao.

Mtu mmoja tu hakulia. Mama mkwe wangu, Nyiransabimana, ambaye mpaka leo naishi naye, alikaa pembeni na tasbihi yake. "Miye sijaona kaburi," alisema. "Siko na kilio." Tulisema uchungu umemvuruga akili, tukamwacha.

Rukundo ndiye aliyetubeba baada ya hapo. Aliezeka karakana yangu upya. Alimletea mama mkwe sukari na dawa za miguu. Majirani wabaya walipoanza kuniita mwanamke wa bahati mbaya, aliwafuata mlangoni mmoja mmoja. Ulikuwa wema wa kweli, wa kila siku, usio na kelele, na ndio ulionimaliza. Aliponiomba ndoa niliona aibu kwamba nimemchelewesha. Hata mama mkwe, wiki ile, alikuwa ameacha kupinga.

Basi nikaingia garini, nikamwambia anizungushe.

Watu hudhani mshona viti ana kazi ya mikono tu. Nusu ya kazi yangu naifanya nimekaa. Kiti kilichokufa nakijua: unazama, kisha mbao au chuma kinakuuma mahali palepale, na gari likisimama maumivu yanabaki. Tulipanda mpaka sokoni, tukapita kituo cha mafuta, tukarudi. Kiti cha Rukundo hakikuwa na kosa. Sponji ilikuwa nzima, tena nzuri kuliko zangu. Kipigo kilikuwa kinatoka chini na nyuma, kikavu, na kila tukiingia shimo gari halikubonyea hata kidogo, lilirushwa zima. Meno yangu yaligongana. Kalamu ya Rukundo iliruka kutoka mfuko wa shati.

"Kiti hakina ugonjwa," nikamwambia tuliposhuka.

"Weye weka tu sponji, maman," akasema, akaangalia saa. "Naenda kuona mambo ya nyama. Saa ya adhuhuri nitarudia."

Akaondoka kwa miguu, koti begani, akisalimia huku na huku. Ningeweza kutia sponji tu, mambo yakaisha. Lakini mimi nina kiburi cha kazi, sipendi kushona uongo. Nikamwita Anastase.

Anastase ni fundi wa magari, mzee wa Kikristo naye aliyezaliwa Bukavu, na karakana yake na yangu zinatumia ua mmoja. Ni mtu wa kunung'unika. Alilizunguka lile gari, akapiga mateke matairi, akasema upepo ni sawasawa. Kisha akaweka viganja viwili juu ya buti na kuegemea kwa uzito wake wote, na Anastase si mtu mwembamba. Gari lisilo na ubovu lingezama na kurudi juu. Chura halikutikisika.

"Njoo na weye," akaniambia.

Tukaegemea wawili. Ilikuwa sawa na kusukuma ukuta.

"Mbele inashuka muzuri," akasema baada ya kujaribu upande wa pili. "Nyuma ndiyo inakataa. Si amortiseri, Maman Zulaikha. Amortiseri ikikufa, gari inacheza-cheza. Hii haichezi. Hii iko na resori ya ajabu."

Amortiseri kwake ni shokapu, na resori ni springi, kile chuma kinene kilichojiviringisha ambacho gari hukalia. Akaleta jeki, akainua nyuma, akafungua gurudumu, akalala chali na kuingia chini mpaka kiunoni. Nikamsikia akicheka.

"Yesu! Hii resori si yake. Hii ni ya jipu. Balikata kipande, baliingiza kwa nguvu. Gari inyepesi hivi, iko juu ya chuma ya kubeba magunia! Ndiyo maana inaruka. Hakuna uzito ya kuishusha."

Nikacheka na mimi. Niliona nimepata kitu cha kumtania Rukundo mpaka Ijumaa: mwanaume mzima amemvalisha Chura viatu vya tembo.

"Tena baliivalisha nguo," Anastase akaendelea kule chini. "Kuko na mupira hapa juu. Balishona."

"Wameshona nini?"

"Njoo uone. Hii ni kazi ya bantu ba kama weye."

Nikafunga khanga kiunoni, nikalala chini kando yake.

Jipu la Asumani, enzi zile, lilikuwa na kelele nyuma. Springi zake zililia kila kona, mpaka abiria wakawa wanamuuliza kama amepakia nguruwe, na Asumani, Mwislamu mwenye haya, hakuupenda utani huo. Siku moja alikuja na mpira wa ndani wa tairi akaniomba nimvalishe springi mfuko ili chuma kisisuguane na chuma. Fundi gani anashona nguo ya springi? Niliishona palepale ilipokuwa, nimelala ndani ya ua huu huu, yeye amenishikia taa. Nilitumia uzi wa nyavu za sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, kutoka kisiwani Nkombo, ule mweusi usiooza. Sindano mbili mbele, moja nyuma, fundo limefichwa ndani. Sijawahi kuona mwingine anayefunga fundo hivyo, kwa sababu ni kosa nililojifunza vibaya utotoni na likanikaa.

Fundo lilikuwa pale. Mpira ulikuwa na vumbi na grisi, umepasuka kidogo upande mmoja. Lakini ulikuwa laini. Niliuminya kwa vidole, ukarudi.

Mpira ndio wa kwanza kuungua. Mtoto yeyote aliyewahi kuchoma tairi anajua hilo. Gari likimiminiwa mafuta na kuwaka mpaka likamla mtu, mpira wa chini hauponi. Nililala pale nikiushika ule mfuko. Nikasema moyoni: jipu halikuungua. Kisha nikasema: basi kiapo ni uongo. Na neno la tatu sikuthubutu kulisema.

"Maman?" Anastase akaniita. "Uko unalia?"

"Nipe kisu chako."

Nikakata mshono wangu mwenyewe. Nikauchukua ule mfuko, nikautia chini ya khanga, nikamwambia Anastase arudishe gurudumu na asiseme neno. Alinitazama, akaacha kunung'unika, akafanya.

Rukundo alirudi adhuhuri, amefurahi, nyama imepatikana. Nikamwambia aingie garini akae usukani, nami nikakaa kando yake, tukafunga milango.

"Umeweka sponji?" akauliza, akijaribu kiti.

"Kwanza nieleze tena siku ya Asumani."

Uso wake ukabadilika, ukawa ule wa huruma ambao nilikuwa nimeuzoea. "Zulaikha, leo? Mu wiki ya arusi?"

"Ndiyo nataka kuisikia mara ya mwisho, nianze upya."

Akanieleza. Alieleza vizuri, kama siku zote: kizuizi, harufu ya mafuta, moto uliopanda, matairi yaliyopasuka moja baada ya jingine. Alipofika kwenye matairi, machozi yalimtoka, na yalikuwa machozi kweli. Miaka karibu minne nilimlilia mume wangu kwa maneno hayohayo. Nilimwacha amalize. Kisha nikautoa ule mfuko wa mpira nikamwekea mapajani, juu ya suruali yake safi.

Akautazama. Hakuuliza ni nini.

"Umetoka chini ya gari lako," nikasema. "Mshono ni wangu."

"Inaweza kuwa ya muntu mwingine."

"Rukundo."

Mikono yake ilikuwa juu ya usukani, kama mtu anayeendesha, na gari limesimama. Nje Anastase alikuwa amekaa juu ya tairi, ametugeuzia mgongo.

"Niliambia fundi wa Bukavu achukue resori yenye iko nyuma ya nyumba," akasema mwishowe, taratibu. "Sikuangalia. Miye siangaliaka chini ya gari."

"Jipu ulilificha kwenu Bukavu, ukaja kwangu kwa miguu."

"Ndiyo."

"Na Asumani?"

Aliutazama tena ule mfuko. "Balituteremusha. Baliuliza jipu ni ya nani. Nikasema ni yangu. Niliogopa, Zulaikha, sikuwaza. Bakauliza, na huyu ni nani? Nikasema ni dereva tu. Nilimuokota Uvira, simujui. Bakasema dereva atabaki, atababebea mizigo. Miye bakaniambia, enda na jipu yako."

"Asumani alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Uongo. Asumani hajawahi kunyamaza."

"Hakusema kitu. Alinikonyeza." Rukundo akaanza kulia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kibaya, hakikuwa kile cha kupendeza. "Alifikiri ni akili nafanya. Alifikiri naokoa jipu, kisha nitarudia na bantu bakubwa ba kumutoa. Alinikonyeza jicho, akachukua mizigo akaenda nabo."

Niliona lile jicho. Nililijua. Ndilo alilokuwa akinikonyeza mimi mbele ya wageni, akitaka wageni waondoke. Mume wangu alikwenda na wenye bunduki huku amemwamini rafiki yake, na huenda aliendelea kumngoja kesho yake, na kesho kutwa, kila akisikia injini inapanda. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimevaa nyeupe, ninakula pilau ya hitima yake.

"Ulipomwacha alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Ukarudi ukaapa amekufa."

"Nilisema nitarudia. Halafu siku zikapita. Halafu nilikuwa nimekwisha kusema." Akajifuta kwa kiganja. "Nilikusaidia, Zulaikha. Miaka yote. Mungu anaona."

"Tangu siku ile ulikuwa unanitaka?"

Alitazama usukani. Nilimpa nafasi ya kusema hapana, na hata ungekuwa uongo, ningeushukuru. Hakusema.

Nimewahi kuibiwa, nimewahi kusengenywa, nimekimbia vita viwili. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia ndani ya lile gari. Adui akikudhuru unajua pa kutemea mate. Huyu alikuwa ameezeka paa juu ya kichwa changu. Kila bati nililolala chini yake lilikuwa lake, kila kijiko cha sukari cha mama mkwe. Alikuwa amenijengea ujane kwa mikono yake, kisha akaja kunitoa ndani yake kama mfadhili, nami nikamshukuru.

"Washa gari," nikasema.

"Twende wapi?"

"Ulipomwacha."

"Zulaikha, kule kungali vita. Hata hatupajui tena..."

"Unapajua. Umenieleza miaka minne, kila jiwe. Washa, au nateremka sasa hivi naenda msikitini kwenye Msahafu uleule, nikaeleze mpira na mshono. Chagua."

Akawasha. Nilimwambia apitie nyumbani kwanza.

Mama mkwe alikuwa ukumbini anachambua mchele wa harusi. Nikasimama mlangoni, na maneno niliyokuwa nimeyapanga yakanitoka ovyo. "Mama, jipu halikuungua. Rukundo alimwacha Asumani akiwa hai. Tunaenda kumtafuta."

Hakunikumbusha kwamba yeye alisema. Alimwaga mchele kutoka ungo kwenye sufuria, akafunika, akachukua mtandio wake, akatoka nje akiburuza miguu yake mibovu. Alipofika kwenye gari akakuta hakuna mlango wa nyuma.

"Nitapita wapi?"

"Mama, baki. Nyuma pale ni padogo, na gari linarusha vibaya sana."

"Inama kiti," akasema.

Nikainamisha kiti changu. Aliingia kwa magoti, akajikunja katika nafasi ambayo aliyeitengeneza hakuifikiria kwa ajili ya mtu, akajipanga juu ya zile springi za jipu la mwanawe. Rukundo hakugeuka. Mama mkwe naye hakumsalimia, yeye ambaye juzi alikuwa akimwita mwanangu.

Tukateremka kuelekea Cyangugu kwa njia ileile ya picha za harusi. Kila shimo lilitupiga. Watoto waliona Chura linapita, wakachuchumaa wakaruka nyuma yake wakiimba bibi harusi, bibi harusi. Nyuma yangu nilimsikia mama mkwe akitoa pumzi kwa kila kipigo, na kwa kila kipigo akitaja jina: Asumani. Asumani. Nilimwambia Rukundo apunguze mwendo, mama mkwe akasema asipunguze.

Ziwa likatokea upande wetu wa kulia, tukalipita. Mpiga picha tuliyemwajiri alikuwa pale kando ya maji, amekuja kutafuta mahali pazuri, akatupungia mkono.

Kwenye daraja la Rusizi askari wa mpakani alituinulia kiganja. Alikuwa kijana mwenye adabu. Akapokea vitambulisho vyetu, akalitazama gari jekundu, akamtazama Rukundo katika suruali yake safi, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Gari muzuri! Munavuka na familia? Maman, huyu ni bwana yako?"

"Hapana," nikasema. "Huyu ni dereva tu. Bwana wangu yuko ng'ambo, tunaenda kumtafuta."

Tabasamu likamtoka. Akainama dirishani, akamtazama Rukundo, akingoja aongeze neno.

Rukundo hakusema kitu. Kizuizi kikainuliwa.